Hija ya Namugongo: msingoje tarehe 3 Juni

Wanajumuiya wenzangu mnaouliza kama Namugongo, karibu na Kampala, walipouawa Mashahidi wa Uganda, panastahili nauli ya basi kutoka Bukoba hadi Kampala: panastahili, tena sana. Ila chagueni siku. Sikukuu ya hao Mashahidi, vijana Wakristo waliouawa kwa amri ya Kabaka (mfalme) Mwanga wa Buganda, tarehe 3 Juni, umati ni mkubwa mno, na mwenye mtoto au mzee hapati hata pa kukaa. Sisi tulienda siku ya kazi, tukasali kwa utulivu.

Sisi Wahaya basilika haitutishi, maana umbo lake ni la msonge, ile nyumba yetu ya asili ya duara. Imeshikiliwa na nguzo 22 za shaba, idadi ya mashahidi Wakatoliki waliotangazwa watakatifu na Papa Paulo VI mwaka 1964. Imejengwa pale Karoli Lwanga, kiongozi wa vijana hao, alipochomwa moto mwaka 1886, peke yake, moto ukianzia miguuni.

Halafu, tafadhali, msiishie hapo. Nendeni na upande wa Waanglikana, si mbali. Vijana wao waliuawa pamoja na wa kwetu, na makumbusho yao ndiyo yaliyonigusa kuliko vyote. Kuna sanamu za ukubwa wa mtu: wauaji wamesimama, vijana wamefungwa kwenye matete tayari kuwekwa motoni. Nilisimama pale nikamkumbuka Mbaga Tuzinde, mmoja wa mashahidi wetu. Mlezi wake alikuwa Mukajanga, mkuu wa wauaji wenyewe. Alimsihi akubali kufichwa, Mbaga akakataa. Akapigwa shingoni kwanza, ili moto usimkute hai. Miaka yote tunawaombea heri wenye somo (mtakatifu wa jina) Kizito na Lwanga, na huyu Mbaga hatumtaji! Mimi sasa namtaja kila jioni baada ya rozari.

Mambo madogo: nendeni na mtu anayejua Kiganda au Kiingereza, maelezo yatawaingia vizuri zaidi. Bebeni vidumu kama mnataka maji ya lile ziwa dogo la pale kwenye basilika. Rozari za kando ya barabara zivuteni kidogo kabla ya kulipa, nyingine uzi wake ni mwembamba mno.

Mkipata siku ya pili, pitieni Munyonyo, hasa mkiwa na watoto wa Kipaimara. Ndiko Lwanga alikombatiza Kizito usiku wa kuamkia tarehe 26 Mei, saa chache kabla ya kuitwa mbele ya Kabaka Mwanga. Kizito alikuwa na miaka kama 14, rika lao hasa.