Qualcomm: chipu nzuri, majina ya kuchanganya, na mrabaha unaoulipa bila kuuona

Mnunuzi wa simu hukutana na Qualcomm sehemu moja tu: stika ya Snapdragon juu ya boksi. Nyuma ya stika hiyo kuna biashara mbili, QCT inayouza chipu na QTL inayotoza leseni za hataza. Mwaka wa fedha wa 2024 kampuni hii ya San Diego iliingiza takriban dola bilioni 39. QCT ilileta zaidi ya bilioni 33, QTL karibu bilioni 5.6. Ila kabla ya kodi QTL hubakiza zaidi ya senti 70 katika kila dola, na QCT haifiki senti 30. Kwa hiyo anayepima Qualcomm kwa kasi ya prosesa peke yake amepima nusu.

Tuanze na chipu. Tangu mwishoni mwa 2021 majina yamepangwa upya: namba ya mbele ni daraja (4, 6, 7 au 8), na Gen ni kizazi. Utaratibu mzuri, lakini majina ya zamani hayakustaafu. Snapdragon 685 iliyotoka 2023 ni ndugu wa damu wa 680 ya 2021: zote zina namba ya chipu SM6225, viini vikubwa vya prosesa vimepandishwa tu kutoka GHz 2.4 hadi 2.8. Hakuna 5G, na video inaishia 1080p. Kwa WhatsApp, M-Pesa na YouTube zinatosha kabisa, na kwa kuwa zimetengenezwa na TSMC, kiwanda cha Taiwan, kwa nanomita 6, chaji inakaa. Zikianza kukwama, mara nyingi tatizo ni RAM ya GB 4 na hifadhi iliyojaa. Muuzaji akiongeza bei kwa ajili ya hiyo 5 ya mwisho, mwambie ashushe.

Daraja la 8 ndilo linalohitaji macho. Snapdragon 888 na 8 Gen 1 zilichongwa kwenye viwanda vya Samsung, na zote mbili zilijulikana kwa kupata moto. Dalili zake ni hizi: unarekodi video ya 4K au unacheza gemu, dakika chache baadaye mwanga wa skrini unashuka, picha zinaanza kurukaruka, na mgongo wa simu haushikiki. Simu inapunguza kasi kwa makusudi ili isiungue, na hakuna sasisho la programu litakaloondoa chanzo chake. Mwaka 2022 Qualcomm ilihamishia 8+ Gen 1 kwa TSMC na kudai matumizi ya umeme ya viini vya prosesa na vya michoro yamepungua kwa hadi asilimia 30. Safari hii tangazo halikutia chumvi sana. Kwenye simu zilizotumika, tofauti ya SM8450 (8 Gen 1) na SM8475 (8+ Gen 1) ina thamani kuliko kamera ya ziada. Ndiyo maana OnePlus 10T hustahimili kazi nzito kuliko 10 Pro, ingawa jina la pili ndilo linalosikika kubwa.

Usiamini stika. Fungua programu kama CPU-Z kabla ya kulipa, usome jina la chipu. Kwa Samsung angalia pia namba ya modeli: Galaxy S21 ya SM-G991B ina Exynos (chipu ya Samsung yenyewe), ya SM-G991U iliyotoka Marekani ina Snapdragon 888. S23 ni Snapdragon dunia nzima. S24 ya kawaida masoko mengi ilipata Exynos, Ultra ikabaki na Snapdragon.

Modemu, sehemu inayounganisha simu na mtandao, ndiyo kazi ambayo Qualcomm inaifahamu kuliko karibu kila mtu, na hapohapo ndipo simu za Marekani zinazojaa Kariakoo na Luthuli huwaumiza watu. Bendi (masafa ya mtandao) 13 na 66 za Marekani hazina kazi huku. Kwa Safaricom hakikisha bendi 3 (MHz 1800) na 20 (MHz 800) zimo. Antena za mawimbi ya milimita zilizowekwa kwa ajili ya Verizon, mtandao wa Marekani, ni uzito wa bure, kwa sababu 5G ya huku haitumii masafa hayo. Kisha kuna VoLTE, yaani kupiga simu kupitia 4G. Modemu ya Qualcomm husoma faili za usanidi za kila mtandao, zinazoitwa MBN. Mtandao wako usipokuwemo, simu inashuka kwenda 3G au 2G kila unapopiga. Kupima ni rahisi: weka laini, washa data, piga, tazama alama ya 4G kama inabaki. Kwenye Xiaomi, *#*#86583#*#* huondoa ukaguzi wa mtandao, lakini mtandao wenyewe lazima uwe unaitoa huduma hiyo.

Upande wa huduma rekodi ina mashimo. OmniTRACS ya 1988, iliyofuatilia malori kwa satelaiti, ilifanikiwa na ikauzwa 2013 kwa dola milioni 800. MediaFLO, televisheni ya kwenye simu, ilikufa. Snapdragon Satellite, iliyotangazwa pamoja na kampuni ya satelaiti ya Iridium Januari 2023, iliachwa mwaka uleule kwa sababu watengenezaji wa simu hawakuichukua.

Leseni ndiyo mhimili wa yote. Qualcomm iliitetea CDMA, teknolojia ya mawasiliano ya simu, wakati wengi wakiidharau, kisha 3G ya WCDMA, iliyotumiwa na ukoo wa GSM (mfumo mpinzani wa 2G), ikajengwa juu ya misingi hiyohiyo. Walioshika simu za CDMA za TTCL, Zantel au Telkom Kenya walikuwa wateja wake bila kujua. Leo kiwango kilichotangazwa kwa simu ya 5G inayotumia pia mitandao ya nyuma ni asilimia 3.25 ya bei ya mtengenezaji, na hesabu inakomea dola 400. Simu ya dola 200 inalipiwa 6.50, ya dola 1,000 inalipiwa 13. Chipu ikiwa ya MediaTek, mshindani wake, bado hataza zinadaiwa, na Julai 2024 Qualcomm iliishtaki Transsion, mama wa Tecno, Infinix na itel, nchini India.

Kiwango hicho kinavumilika. Kinachokera ni sera ya kutomuuzia chipu asiyechukua leseni kwanza. China iliitoza faini ya dola milioni 975 mwaka 2015. Marekani jaji aliikataa sera hiyo 2019, mahakama ya rufaa ikaupindua uamuzi 2020. Ushindi wa mahakamani haujaifanya iwe adabu ya biashara.

Apple imeanza kujitoa kwenye chipu: iPhone 16e ya Februari 2025 ina modemu ya C1 ya Apple yenyewe. Mkataba wa leseni kati yao, hata hivyo, umeongezwa hadi Machi 2027, na QTL inaendelea kukusanya.