Matuta ya mpira ya kufunga kwa bolti: yanafaa wapi, yanang'oka kwa nini

Tuta la mpira la kupunguza mwendo wa magari, linalopatikana kwa wingi madukani, huja vipande vya nusu mita, upana sentimita 35, kimo sentimita 5, njano kwa nyeusi, pamoja na ncha mbili za mviringo. Kwa geti la shule au maegesho ya hospitali, linatosha. Kwa barabara ya mtaa inayopitwa na daladala mchana kutwa, msilinunue.

Kosa lake ni ufupi: zile sentimita 35 ndizo tairi inazopita. Ukilipanda kwa kilomita 15 kwa saa linakutikisa vizuri. Ukilipita kwa 60, tairi na springi zinameza mshtuko kabla bodi haijainuka. Madereva wazoefu wanalijua hilo, ndiyo maana wengine huongeza mafuta. Tuta la lami la mtindo uliobuniwa Uingereza miaka ya 1970 lina urefu wa mita 3.7 kufuata uelekeo wa gari, na kimo cha sentimita 7.5 hadi 10: kadiri unavyokimbia, ndivyo linavyokurusha. Kwa mwendo wa 30 yapangwe kila mita 60 hadi 100; yakiachana zaidi, dereva anapata nafasi ya kufidia muda katikati.

Ukitaka mpira barabarani, nunua matuta yaitwayo mito, yenye upana wa mita 1.6 hadi 1.9, inayokaa katikati ya kila njia na kuacha mwanya pembeni. Gari dogo litapanda tu, ilhali basi kubwa na gari la zimamoto hupita likiwa limeitanulia tairi. Bodaboda ndio huponyoka kwenye mwanya. Dawa ni nguzo za plastiki zinazopinda, zifungwe kwenye mstari wa kati. Njia ya mita 3.5 ikibanwa hadi 3, dereva anapunguza kwa kuhofia kioo cha pembeni, hata kama tuta halimtishi. Ila msibane upande wa waenda kwa miguu na baiskeli, na acheni sentimita 20 hivi ukingoni maji yafike mtaroni.

Sasa bolti, maana malalamiko mengi huanzia hapa. Fisha za plastiki (vijiti vya kushikia bolti tunduni) zinazokuja kwenye boksi hazifai kwenye lami: jua linalainisha lami, tundu linapanuka, breki za magari zinasukuma kipande hadi kinatoka. Kipande kikishaondoka, bolti inabaki imechomoza kutoboa tairi. Kwenye zege tumia bolti za kupanuka. Kwenye lami nene toboa kama sentimita 15, puliza vumbi lote (vumbi likibaki gundi inashika vumbi, haishiki ukuta wa tundu), jaza gundi ya epoksi theluthi mbili ya tundu, zamisha bolti, na usiruhusu magari kabla ya muda ulioandikwa kwenye mkebe. Kaza upya baada ya wiki moja. Mtaa wenye lami nyembamba juu ya kifusi hauna cha kushikilia bolti. Hapo jenga tuta la lami au zege.

Rangi ya njano huchakaa mapema kwa oili na vumbi, kwa hiyo chagua vipande vyenye viakisi vya kioo, na alama ya tahadhari iwekwe kabla ya tuta. Kwa Tanzania, kibali cha barabara za mitaa kiko kwa wakala wa serikali TARURA, cha barabara kuu na za mikoa kiko kwa mwenzake TANROADS. Tuta la kujiwekea wenyewe usiku linaweza kuondolewa, hata kama bolti zake zimeshika.