Kisu cha Majini: Kipi Ununue kwa Snorkeli, Kuzamia na Kayaki

Ukiomba kisu kwenye duka la vifaa vya kuzamia, mara nyingi utaonyeshwa kwanza kile kirefu cha kufunga mguuni, chenye ncha kama ya jambia na meno ya msumeno mgongoni. Mwombe muuzaji akirudishe kabatini. Kinachomnasa mtu katika maji yetu ni mshipi na nyavu: nailoni nyembamba isiyoonekana ikiwa majini, iliyojizungusha kwenye matumbawe, au kipande cha jarife kilichokatika kikabaki mwambani. Nailoni haiozi kama kamba ya katani, na wavu uliopotea leo utaendelea kunasa kwa miaka. Kisu unakinunulia kazi moja: kujikata utoke, kwa mkono mmoja, pengine bila kuona unachokata. Kwa kipimo hicho nimevipanga hivi.

1. Kisu kifupi kisichokunjwa, chenye ncha butu

Hiki ndicho cha kununua kama utanunua kimoja tu. Bapa la sentimita 7 hadi 10 linatosha. Upande mmoja uwe na makali ya kawaida kwa ajili ya mshipi, upande wa pili uwe na meno kwa ajili ya kamba, maana kamba iliyolowa huteleza kwenye makali laini. Karibu na mpini kuwe na tundu dogo lililopinda kama ndoana, lenye makali ndani yake. Nailoni ikiingia humo, unavuta tu, imekatika. Kwa mtu aliyenaswa na mshipi, tundu hilo litatumika kuliko sehemu nyingine yoyote ya kisu.

Ncha butu naisisitiza. Aliyenaswa hutapatapa, na hapo anakata jirani kabisa na paja lake, bomba la hewa, jaketi lake, au kayaki yenyewe kama ni ile ya kujazwa upepo. Wanaohitaji ncha kali ni wawindaji wa samaki kwa mshale, wa kummalizia samaki, na bunduki za mishale zimepigwa marufuku katika uvuvi wa Kenya na Tanzania. Kwa wengi wetu ncha hiyo haina kazi isipokuwa kujeruhi.

Kisha iangalie ala kwa makini kuliko kisu chenyewe. Kisu kiingie kwa mlio, kikae, kisitoke mpaka ubonyeze kitufe au uvute kwa nguvu. Igeuze juu chini uitikise kweli kweli. Halafu fumba macho, uchomoe kwa mkono wa kulia, ukirudishe, uchomoe kwa wa kushoto. Muuzaji akikukataza kufanya hivyo, nenda duka jingine, kwa sababu mshipi hauchagui mkono wa kufunga.

Pahali pa kukiweka ni kifuani, kwenye mkanda wa bega wa jaketi la kuzamia, au kiunoni, pale ambapo mikono yote miwili inafika. Mguuni sipashauri. Miguu ndiyo hunaswa zaidi kwa sababu ya mapezi, na mpini uliochomoza pale huwa ni kitu kingine cha mshipi kujikwamisha. Tena suti ya mpira hubanwa na maji kadiri unavyoshuka, mikanda ya mguuni inalegea, na kisu kinateleza kuelekea kifundoni au kinapotea kabisa. Ukilazimika, kifunge upande wa ndani wa mguu.

Cressi, Mares, Scubapro na Aqua Lung wote wanatengeneza vidogo vya namna hii. Kwa kayaki, kisu cha Pilot cha kampuni ya NRS kina ncha butu na ala ya kufunga kwenye jaketi la kuokolea.

2. Kikata mshipi

Ni kiplastiki chenye mdomo mwembamba na wembe uliofichwa ndani, mfano Trilobite ya Eezycut. Kwa anayeelea juu na snorkeli, yaani bomba la kupumulia, tu, hiki nakipandisha namba moja: hakina ncha, ni chepesi, kinakaa kwenye mkanda wa miwani au wa mkono, na mtoto aliyefundishwa anaweza kukitumia. Kwa mzamiaji kiwe cha pili, upande wa mwili ambao kisu hakipo. Udhaifu wake ni kamba nene, ambayo haiingii mdomoni. Wembe wake hushika kutu upesi, kwa hiyo chagua ambacho nyembe zake zinabadilishwa, na nunua za akiba siku hiyo hiyo.

3. Mkasi wa huduma ya kwanza

Ule mkasi wa wauguzi wenye pua butu iliyopinda, wa kukatia nguo za majeruhi. Ni wa bei ndogo kuliko vyote hapa, na unafanya jambo moja ambalo kisu hakiwezi: kukata waya mwembamba. Wavuvi wa samaki wakubwa hufunga kipande cha waya kati ya mshipi na ndoana ili meno ya samaki yasikate, na ukinaswa na waya huo unaweza kuusugua kwa kisu mpaka hewa iishe. Kwenye wavu uliolegea pia mkasi unashinda, kwa kuwa hauhitaji kitu kivutwe kikaze kwanza. Ila kiungo chake hushika kutu na kugandamana, kwa hiyo uufungue na kuufunga kila baada ya safari.

4. Kisu cha kukunja

Kwa kayaki kinakubalika, lakini kiwe cha kufunguliwa kwa kidole gumba cha mkono mmoja. Visu vya Salt vya kampuni ya Spyderco vimetengenezwa mahsusi kwa maji ya chumvi. Kwa kuzamia sikipendi: mchanga na chumvi huingia kwenye kiungo, vidole vilivyopoa havishiki vizuri, na huna mkono wa pili wa kusaidia.

5. Kile kirefu cha mguuni

Nimeshasema.

Kisu cha jikoni sikukipa namba. Kwenye ngalawa au dau kinafaa kabisa, na wavuvi wetu hukinoa kikanyoa ndevu. Lakini hakina ala ya kushika majini, na kisu kisicho na ala kinachoning'inia karibu na tumbo lako ni hatari tupu.

Chuma gani?

Hapa ndipo watu hudanganyika. Maandishi ya "chuma cha pua" hayatoshi, maana kuna vya namna nyingi. Aina za 304 na 316 hustahimili kutu sana lakini haziwezi kukomazwa kwa moto, kwa hiyo makali yake huisha upesi. Aina ya 420 ndiyo iliyozoeleka kwenye visu vya kuzamia: makali yake ni ya wastani, hunoleka kirahisi kwa kinoo, na kutu huja kama hukisuuzi. 440C ina kaboni nyingi zaidi, hushika makali kwa muda mrefu, lakini huonyesha madoa mapema kwenye chumvi. Kisha ipo H1 ya Japani, ambayo naitrojeni imechukua nafasi kubwa ya kaboni. Kutu karibu haiijui kabisa, na bei yake inaonyesha hivyo.

Titani haishiki kutu baharini, ni nyepesi, ila makali yake hayadumu kama ya chuma kizuri. Inamfaa anayezamia kila siku, mwongoza wageni wa Mnemba au Mafia kwa mfano, asiye na muda wa kupaka mafuta. Jihadhari na kisu cha chuma kilichopakwa rangi ya titani kikauzwa kama titani. Nenda na sumaku ndogo: titani halisi haivutwi.

Chukua pia kipande cha mshipi wa nailoni, kipande cha mshipi wa kusukwa, na kamba ya unene wa kidole. Omba uvikate. Mshipi wa kusukwa ndio mtihani, kwa sababu kisu kinachokata nailoni vizuri kinaweza kuteleza juu yake kama hakina meno makali.

Kwa wapiga kasia

Kanuni ya mito yenye maji makali kama ya Jinja, Uganda, ni kwamba anayebeba kamba abebe na kisu, na inafaa hata kwenye mikoko ya Mida, Kenya, iliyo tulivu. Kamba ya kuvutia mwenzako, kamba ya kufungia kasia, mshipi wa ndoana unaoburutwa nyuma: chochote kati ya hivyo kinaweza kukuzunguka kayaki ikipinduka. Kisu kikae kwenye jaketi unalovaa. Kilichomo ndani ya kayaki kitaondoka nayo.

Mambo machache kabla ya kusafiri

Kisu huenda kwenye mzigo wa chini wa ndege, kamwe si mkobani. Uingereza, kutembea nacho hadharani bila sababu ya msingi ni kosa, kwa hiyo kiache ndani ya begi la vifaa hadi ufukweni. Hifadhi ya bahari ya Cozumel, Mexico, hairuhusu wazamiaji kuwa na visu, na ndiyo maana ni vizuri kumuuliza mwongozaji wa kila mahali kabla ya kushuka. Na katika hifadhi za Watamu na Malindi, zilizotengwa tangu 1968, kisu hakikupi ruhusa ya kung'oa kombe wala tumbawe.

Ukirudi, kitoe kwenye ala, suuza vyote viwili kwa maji baridi yasiyo na chumvi, kausha, paka mafuta kidogo. Usikihifadhi kikiwa ndani ya ala iliyolowa; kutu nyingi huanzia humo.