Gemu za kutafuta vitu vilivyofichwa: ni za nani, na ipi ulipie?

Haya, karibuni tena. Leo sina gemu ya magari wala ya bunduki. Nimewaletea zile za kutafuta vitu vilivyofichwa. Unapewa picha ya chumba kilichojaa makorokoro, chini kuna orodha: ufunguo, unyoya, mwavuli, darubini. Unavitafuta, unavigusa kimoja kimoja, basi. Na nyinyi vijana wa PlayStation mnaocheka huko, ngojeni kwanza.

Tazameni kioo. Hii ni June's Journey, imetengenezwa na Wooga wa Berlin, ikatoka mwaka wa 2017. Hadithi yake ni ya miaka ya 1920, mwanamke anaitwa June Parker, anachunguza kifo cha dada yake Clare. Kuna mapenzi, kuna siri za familia, kuna nyumba kubwa. Utamu upo. Ila mimi naamini wengi wangecheza hata hadithi ikifutwa yote, kwa sababu raha yenyewe iko machoni.

Nieleze kidogo. Weka kitu kimoja chekundu kati ya vitu mia vya kijani, utakiona papo hapo. Lakini kitu kikihitaji utambue rangi na umbo kwa pamoja, jicho halina njia ya mkato, linapita kimoja baada ya kingine. Wanasaikolojia Anne Treisman na Garry Gelade waliliandika hilo mwaka wa 1980, na wachoraji wa gemu hizi wanalitumia bila huruma. Oneni hapa, mwavuli wameulaza juu ya pazia la rangi ileile. Na ile fidla iko wapi… imefichwa nyuma ya kiti, imebaki shingo tu. Hiyo! Sasa nikishaiona, hata nikijilazimisha siwezi kuipoteza tena. Huo mshtuko mdogo wa "kumbe ilikuwa hapa" ndio unaouzwa.

Ndiyo maana nasema mabingwa wa gemu hizi wako Gikomba, soko la mitumba la Nairobi. Robota likifunguliwa pale, mama anainama, anapekua kidogo tu, anachomoa blauzi moja kamera kabisa, yaani ya daraja la kwanza, ambayo sisi wengine tumeipita mara tatu. Ukimpa simu mtu mwenye jicho kama lile, atakuaibisha.

Na biashara ya gemu hizi ilikua kwa ajili ya watu wa aina yake. Mwaka wa 2005 kampuni ya Big Fish Games, ya Seattle kule Marekani, ilitoa Mystery Case Files: Huntsville kwa ajili ya kompyuta. Unapakua, unacheza saa moja bure, ukipenda unalipa mara moja na gemu inakuwa yako. Waliomiminika hawakuwa vijana. Walikuwa zaidi wanawake watu wazima, ambao wauzaji wengine wa gemu walikuwa hawawaangalii hata kidogo. Na mpaka leo wao ndio wengi. Mwulize shangazi yako kama anacheza gemu, atakwambia hana wakati wa mambo ya watoto. Halafu mwangalie kwenye matatu ya Rongai jioni, kichwa kimeinama, kidole kinagusa. Gemu ni ya kidole kimoja, sauti unaweza kuizima, na kondakta akidai nauli hakuna adui atakayekuua ukimjibu.

Sasa tuje kwenye pesa, na hapa ndipo nina neno. June's Journey ni ya bure kupakua, lakini kila mandhari unayoingia inakula nishati. Ikiisha, unasubiri ijijaze, au unalipa. Kisha unarudishwa mandhari ileile mara kadhaa ili ukusanye nyota za kukufungulia inayofuata, na kuna kisiwa kizima cha kupamba kwa sarafu unazopata. Kurudia si dhambi. Lakini ukishazoea chumba, umeacha kutafuta, unakumbuka tu vitu vilikaa wapi. Tena alama zinapanda ukigusa vitu mfululizo bila kusita, kwa hiyo mtu aliyekuja kupumzisha akili anajikuta yuko mbioni, na akitulia ni kwa sababu nishati imemwishia. Soko hili lilianza na watu wavumilivu, na sasa huo uvumilivu wao ndio unaotozwa. Ongeza na bando, maana inataka intaneti.

Hidden City ya G5, kampuni ya Sweden, iko kwenye mkumbo huohuo wa nishati. Ninachoipendea ni kwamba inabadilisha namna ya kutafuta: mara unapewa maneno, mara vivuli vya maumbo, mara chumba kina giza na wewe una tochi. Vivuli hasa, kwa nyanya asiyesumbukia Kiingereza, ni sawa kabisa.

Mkiniuliza pesa yangu naweka wapi, naweka kwenye ile unayolipia mara moja. Artifex Mundi wa Poland wanazo nyingi, kama Enigmatis na Grim Legends. Mwanzo unaucheza bure, ukinogewa unafungua iliyobaki. Onyo tu: picha zake zina giza, na kwenye simu iliyopasuka kioo utateseka.

Lakini kipenzi changu ni hii hapa, Hidden Folks, ya mwaka wa 2017, kazi ya Adriaan de Jongh na mchoraji Sylvain Tegroeg. Imechorwa kwa mkono, nyeusi na nyeupe. Hakuna saa, hakuna alama, hakuna nishati. Unagusa hema linafunguka, unagusa kichaka kinafyekwa. Na sikilizeni hizo sauti… zote zimetolewa kwa mdomo! Badala ya jina tupu unapewa dokezo kuhusu mtu unayemtafuta, basi unaanza kumfikiria kabla ya kumwona. Rangi hakuna, kwa hiyo jicho limenyimwa msaada wake mkubwa, na bado hutachoka.

Basi, shangazi anataka kutulia, mnunulie Hidden Folks. Play Store inakubali M-Pesa. Anataka hadithi ya mauaji na kisiwa cha kupamba, mpe June's Journey, ila kabla ya kumkabidhi simu weka nywila kwenye ununuzi. Na kama nyumbani kuna tableti, chezeni kwa hiyo. Kwenye simu ndogo utakuza picha kila dakika, na kidole chako mwenyewe kitaficha nusu ya chumba.