Barakoa nyeupe za karatasi za kupamba mwenyewe: uzoefu wangu katika joto la Mombasa

Nimepamba dazeni nzima ya barakoa hizi za nusu uso, zile nyeupe tupu zinazouzwa kwa pakiti ili mtu azipake rangi mwenyewe kwa ajili ya karamu ya barakoa. Umbo lake ni lile la Venice liitwalo colombina: macho, pua na sehemu ya juu ya mashavu hufunikwa, mdomo unabaki wazi kwa mazungumzo na sambusa. Nazipa nyota tatu na nusu kati ya tano. Umbo zuri, karatasi nzuri, ila aliyezitengeneza hakumfikiria mtu anayetoka jasho.

Barakoa yenyewe ni rojo la karatasi lililoshindiliwa kwenye kalibu likakaushwa. Nje imepakwa weupe mwembamba, ndani haina kitu. Uso ukitota, karatasi hufyonza jasho kuanzia ndani, mwamba wa pua unalegea, na barakoa inalala usoni kama mahamri yaliyosahauliwa kwenye chai. Kwa hiyo kazi ianze ndani, kabla hujagusa nje. Chukua gundi nyeupe ya mbao sehemu mbili, maji sehemu moja, paka mkono wa kwanza. Ngoja mpaka weupe wa gundi upotee kabisa, kisha paka wa pili. Brashi ipite pia kwenye kingo za matundu ya macho, maana hapo karatasi imekatwa na nyuzi ziko wazi. Ndipo barakoa nyingi huanza kuchanika.

Gundi peke yake haitoshi, kwa sababu nayo hulainika ikilowa sana. Juu yake bandika kitambaa cha pamba. Leso (kanga) kuukuu iliyofuliwa mpaka ikalainika inashinda kitambaa chochote kipya: haikwaruzi na inanyonya jasho lisifike kwenye karatasi. Ikate mikato midogo pembezoni ili ilale vizuri kwenye tumbo la pua, la sivyo itafanya mfuko.

Kukausha ndiko kunakoharibu barakoa za wengi. Usianike juani. Upande wa jua hukauka na kujikunja kabla ya upande wa pili, na barakoa inapinda kama ganda la muwa. Ilaze juu ya bakuli lililofunikwa nailoni, chini ya feni, kivulini. Wakati wa kaskazi saa tatu kwa kila mkono zinatosha. Masika ya Aprili na Mei acha usiku kucha. Ukipaka rangi juu ya karatasi yenye unyevu, ukungu utatokeza madoa meusi ambayo hayafutiki.

Weupe wa nje ni wa unga unga, ukiupitishia kidole unabaki na chaki. Rangi ikipakwa moja kwa moja juu yake hubanduka na brashi. Paka mkono mmoja wa rangi ya maji ya ukutani, nyeupe, iliyozimuliwa kidogo. Ikikauka, sugua taratibu kwa msasa namba 220, futa vumbi, rudia. Baada ya hapo tumia rangi za akriliki. Rangi za maji za watoto wa shule zisahau kabisa, hata zikikauka huyeyuka tena kwa jasho na kanzu nyeupe ya jirani ndiyo itakayoshuhudia.

Sasa mapambo, na hapa Mombasa tuna bahati. Mistari iliyoinuka, ambayo wengi hununulia rangi maalumu, inatoka vizuri kwa koni ya hina. Changanya gundi nyeupe na poda ya watoto kidogo kidogo mpaka ukichota kwa kijiti isimame bila kutiririka. Gundi tupu ikikauka hunywea na mstari unakuwa bapa. Jaza koni, kata ncha ndogo sana, chora maua ya hina au korosho ya leso, acha saa 12. Ukitaka dhahabu, kwanza paka chini rangi ya hudhurungi yenye wekundu. Dhahabu juu ya nyeupe huonekana kama karatasi ya peremende.

Vimetameta visikaribie matundu ya macho kwa sentimita moja. Vinadondoka na kuingia jichoni. Matundu yenyewe ni madogo. Ukiyapanua, kata kuelekea masikioni, si puani, kwa wembe mpya. Shanga na lesi, Biashara Street hukosi, na ukinunua kwa dazeni bei inazungumzika.

Manyoya yasibandikwe juu ya rangi. Bapaza sentimita mbili za mwisho za kikonyo, uziingize kati ya karatasi na kitambaa cha ndani, ndipo ubandike. Gundi ya moto ya bunduki naitumia kwa shanga nzito tu, na barakoa hiyo isiachwe ndani ya gari lililoegeshwa juani: gundi hulainika na shanga zote unazikuta kwenye kiti.

Lastiki inayokuja na pakiti ni nyembamba na huchana tundu lake. Itupe. Bandika kipande cha kitambaa cha sentimita mbili nyuma ya kila tundu, kisha funga utepe wa satini sentimita 70 kila upande, ncha zake ukizipitisha karibu na moto wa mshumaa zisifumuke.

Nimejaribu pia za plastiki. Hazilegei, lakini jasho halina pa kwenda linashuka puani, na rangi hubanduka vipande vipande usipozisugua kwa msasa kwanza. Kwa mtu mzima anayetaka kupamba vizuri, bado karatasi. Kwa watoto watakaozitumia asubuhi moja na kuzitupa, chukua plastiki.

(Wazee watakukumbusha kuwa barakoa kwa asili ni kifuniko cha uso cha mwanamke wa pwani. Wana haki, lakini dukani omba barakoa tu. Ukisema kinyago utaletewa mti wa kuchonga.)

Ukimaliza, usiihifadhi kwenye mfuko wa nailoni. Sanduku la viatu, na magazeti yaliyokunjwa yakijaza nyuma ya pua.