TAHADHARI: "Ofisi imefungwa, tunauza fanicha zote". Mnaopanga ofisi za nyumbani Mtwara na Lindi, someni kabla ya kutuma kianzio

Ndugu zetu wa Mtwara, Mikindani, Lindi, Masasi na kote kusini, kuna tangazo linazunguka kwenye magrupu ya WhatsApp na kurasa za Facebook. Majina hubadilika, namba hubadilika, lakini mwendo wake ni ule ule. Linasema kampuni ya mradi wa gesi imefunga ofisi yake Mtwara, au inahamia Dar, na inauza kwa haraka viti vya kuzunguka, meza, makabati ya chuma ya mafaili, taa za mezani na rafu za vitabu. Picha safi. Bei haifiki nusu ya kitu kipya dukani. Mwishoni: "Vimebaki vichache, tuma kianzio tukuwekee."

Msitume.

Tangazo hili linanasa hata watu makini kwa sababu limejengwa juu ya jambo la kweli. Bomba la gesi la Mtwara hadi Dar es Salaam lilizinduliwa 2015, na miaka ile ofisi zilifunguliwa mjini, nyingine zikafungwa. Lindi nako mradi wa LNG (gesi asilia inayogeuzwa kuwa kimiminika) wa Likong'o umezungumzwa kwa miaka. Ukisikia "ofisi ya mradi" huoni ajabu yoyote, na tapeli analijua hilo vizuri. Anajua pia kwamba kuanzia Oktoba minada ya korosho inaingiza fedha mikononi mwa watu, na ndiyo miezi ambayo wengi hununua vitu vya nyumba. Huo ndio wakati wa kufungua macho zaidi.

Mchezo unaenda hivi. Kwanza unaombwa kianzio kidogo, kiasi ambacho mtu haoni uchungu kukitoa. Ukishatuma, muuzaji anakuwa mchangamfu kweli, anakutumia picha ya mzigo umefungwa kwa plastiki. Halafu inakuja hela ya usafiri. Halafu anapiga "dereva" akisema yuko Nangurukuru, gari limezuiwa, anahitaji hela ya mizani. Baada ya hapo kuna "bima ambayo utarudishiwa". Kila hatua ni ndogo kuliko jumla uliyokwishatoa, na mtu anaendelea kulipa kwa kuogopa kupoteza ile ya mwanzo. Wakati wa mvua wana kisingizio tayari: barabara. Mei 2024 barabara ya Dar–Lindi ilikatika kweli maeneo ya Somanga, kwa hiyo mtu akiambiwa "gari limekwama Somanga" anaamini na kusubiri wiki nzima. Katika wiki hiyo fedha inatolewa kwa wakala na laini inazimwa.

Picha ndiyo sehemu ya kwanza ya kumkamatia tapeli. Usiangalie kiti, angalia ukuta ulio nyuma ya kiti. Soketi za kwetu zina matundu matatu ya mstatili. Ukiona soketi yenye matundu mawili ya duara, hiyo ni picha ya Ulaya bara. Matundu mawili membamba ya wima ni ya Marekani au Japani. Ofisi ya Shangani au Ligula, hapa Mtwara mjini, haiwezi kuwa na ukuta wa namna hiyo. Pitisha picha kwenye Google Lens, mara nyingi utaikuta imetoka kwa muuzaji wa nchi nyingine kabisa. Kisha omba simu ya video, siyo video iliyorekodiwa. Mwambie apindue kiti miguu juu, aweke futi kamba juu ya meza, na aonyeshe karatasi yenye tarehe ya leo na jina lako. Mwenye mzigo anafanya hivyo kwa dakika mbili. Asiye nao atakwambia bando limeisha, au stoo haina mtandao, au mlinzi hayupo.

Jina linalotokea unapotuma fedha kwa simu lisomeni kabla ya kuweka namba ya siri. Likiwa tofauti na jina la anayeuza, simama hapo hapo. Lakini hata likifanana si ushahidi wa kutosha, kwa sababu matapeli hutumia laini zilizosajiliwa kwa vitambulisho vya watu wengine. (Na kwa hilo, piga *106# uone namba zilizosajiliwa kwa NIDA yako. Laini usiyoijua inaweza kuwa ndiyo inayotumika kuwaliza wenzako.) Risiti ya basi iliyopigwa picha nayo haithibitishi kitu, inatengenezwa kwa simu. Tafuta mwenyewe namba ya ofisi ya vifurushi ya basi hilo, ile iliyoandikwa kwenye ofisi yao stendi, na uulize namba ya mzigo. Namba anayokupa muuzaji usiipige. Bora zaidi, lipa nauli ya mzigo unapoupokea.

Kuna aina nyingine iliyo mbaya kuliko hiyo, maana mzigo upo kweli na unauona kwa macho. Unapelekwa stoo, unaonyeshwa meza nzuri, mlango unafunguliwa na mtu anayejifanya mwenyeji. Unatoa kianzio, kesho yake stoo ina mwenyewe na hamjui dalali wako. Dawa yake ni kumuuliza mlinzi na majirani stoo ni ya nani, na kutotoa hata shilingi mpaka mzigo unapandishwa kwenye kirikuu mbele yako. Kitu kikipanda, fedha inatoka. Kwa mzigo mkubwa, andikishianeni mauziano kwa mtendaji wa mtaa mkiwa na mashahidi na nakala za vitambulisho. Muuzaji halali hakatai.

Ukikagua leo na kuchukua kesho, weka alama yako. Saini kwa kalamu ya maka chini ya kiti na chini ya ubao wa meza, piga picha alama hiyo pamoja na lebo ya kiwandani kama ipo. Kubadilishiwa kiti kizima kwa kibovu kinachofanana nacho ni wizi mwepesi kuliko wote, na bila alama huna la kusema.

Sasa ukaguzi wenyewe, maana hata muuzaji aliyepo, mwenye banda na jina, anaweza kukuuzia uozo uliopakwa rangi.

Kiti cha kuzunguka ndicho kinachoongoza kwa udanganyifu. Kinachobeba mwili ni silinda ya gesi, ile nguzo ya chuma katikati. Ikichoka, kiti kinashuka chenyewe polepole. Wajanja wanakata kipande cha bomba la PVC, wanakipasua na kukivalisha kwenye fimbo ya silinda, au wanaibana kwa klempu, kisha wanarudisha kava la plastiki juu yake. Ukikaa, kiti hakishuki, nawe unaridhika. Pandisha kava hilo la plastiki kwa mkono uangalie ndani. Fimbo inatakiwa iwe tupu na inang'aa. Kisha vuta mkono wa kupandishia: kiti kizima kinapanda na kushuka kiasi cha sentimita 10. Kipandishe hadi mwisho, weka alama ya utepe, kaa dakika kumi ukijiegemeza huku na huku. Kikishuka chini ya alama, silinda imekufa. Inaweza kubadilishwa, ila bei ya silinda uitoe kwenye bei ya kiti. Na asije fundi yeyote akaitoboa, kuikata kwa msumeno au kuichoma kwa gesi. Ndani kuna mgandamizo mkubwa na inaweza kulipuka.

Pindua kiti. Ule msingi wa miguu mitano ukiwa wa plastiki, tazama karibu na tundu la katikati. Nyufa nyembamba huanzia hapo, na siku utakapopasuka unaanguka kinyumenyume. Ukikuta umepakwa rangi nyeusi mpya juu ya plastiki, jiulize kinafichwa nini. Magurudumu yasikutie hofu sana, mengi yana shina la milimita 11 na hubadilishwa kwa mkono.

Ngozi ya bandia ni suala la kuwa mkali nalo huku kwetu pwani. Unyevu na joto huvunja ule utando wa juu wa poliyurethani; unaanza kunata, kisha unapasuka na kumenyuka kama magamba. Ukishaanza hakuna dawa, si mafuta wala dawa ya viatu. Wauzaji hupaka dawa ya viatu nyeusi ili king'ae siku ya kuuza. Futa kwa kitambaa cheupe chenye maji, kisha kunja ngozi kwa vidole sehemu ya mshono. Kiti cha kitambaa au cha wavu kinadumu zaidi kwa hali ya hewa ya Mtwara na Lindi, hata kama hakivutii kwenye picha. Kwa cha kitambaa, washa tochi ya simu na pitia mishono yote kutafuta kunguni na madoa yao meusi.

Meza zinazouzwa kama "mninga wa zamani" au "mkongo" nyingi ni paini iliyopakwa rangi na vanishi, au chipubodi iliyobandikwa karatasi yenye mistari ya mbao. Lala chini, utazame mahali ambapo brashi haikufika: chini ya ubao, ndani ya droo, kwenye kona. Kwaruza kidogo kwa funguo. Mninga una rangi hadi ndani, paini inatoa weupe. Kwenye chipubodi, gusa kingo za chini za miguu. Ikivimba kama mkate uliolowa, ilishanyeshewa, na skrubu hazitashika tena hapo hata ukiongeza gundi. Rafu ya chipubodi ya milimita 16 yenye urefu wa zaidi ya sentimita 70 bila mhimili katikati itapinda kwa mafaili. Gonga mbao zote. Sauti ya uwazi, matundu madogo ya sindano na ungaunga wa mbao chini yake ni dalili ya wadudu. Matundu yaliyozibwa kwa gundi na vumbi la msumeno yanaonekana ukimulika tochi kwa ubavu. Kitu cha namna hiyo usikiingize ndani, kitaambukiza hadi kenchi za paa.

Kabati la chuma, mtazamo wako uwe chini na nyuma. Hewa ya chumvi hula bati kuanzia kwenye kingo za chini, na rangi ya kupuliza inafunika kutu kwa miezi michache tu. Bonyeza kwa kidole gumba, palipovimba pana kutu chini yake. Toa droo zote hadi mwisho zikiwa na uzito ndani, siyo tupu, kwa sababu reli iliyopinda inajificha droo ikiwa nyepesi. "Funguo tutakuletea" maana yake hakuna funguo. Ukikuta namba imechongwa usoni mwa kufuli, ipige picha, inaweza kumsaidia fundi kupata ufunguo.

Tena: namba au herufi zilizokwanguliwa ubavuni mwa kabati au chini ya meza ni sababu ya kuondoka. Mali za halmashauri, shule na taasisi huwekwa alama za namna hiyo. Zikiuzwa kihalali huuzwa kwa mnada wa hadhara, malipo kwa kontroo namba, na unapewa hati. Kupokea mali ya wizi ni kosa chini ya Kanuni ya Adhabu, na polisi watakuja kwako, si kwa dalali.

Vya umeme: soma lebo. Taa, printa au feni ya mtumba iliyoandikwa 100V ni ya soko la Japani, 120V ni ya Marekani. Umeme wetu ni 230V, kitaungua mara tu ukikichomeka bila transfoma. Iliyoandikwa 100–240V haina shida. UPS (kifaa cha betri kinachoshikilia kompyuta umeme ukikatika) ijaribiwe ikiwa na kompyuta imewashwa, uchomoe ukutani. Ikizima papo hapo, betri imekwisha.

Kwa mapambo, jihadharini na vinyago "vya mpingo vya zamani". Ufundi wa Wamakonde ni heshima ya kusini, na inauma kuona mti mwepesi ukipakwa dawa ya viatu na kuuzwa kwa jina hilo. Mpingo ni mzito kiasi kwamba kipande chake huzama majini. Kwaruza chini ya kitako: weusi au hudhurungi nzito hadi ndani ni mpingo, weupe chini ya rangi nyeusi ni udanganyifu. Ukiona ukanda wa manjano hafifu ubavuni usikatae, hiyo ni sehemu ya nje ya mti wenyewe na wachongaji wengi huiacha kwa makusudi.

Ukiwa umeshatuma fedha, piga 100 ya mtandao wako papo hapo uombe muamala uzuiwe. Inawezekana tu kama bado haijatolewa, kwa hiyo usianze kwa kubembelezana na tapeli. Namba yake itume TCRA (mamlaka ya mawasiliano) kupitia 15040. Nenda kituo cha polisi ukafungue taarifa upewe RB (namba ya taarifa yako). Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 inahusika na utapeli wa aina hii. Usifute mazungumzo. Hifadhi namba ya muamala, jina lililotokea, picha za tangazo na sauti alizotuma, kwani tangazo huondolewa mara anapohisi umeshtuka.

Na siku chache baadaye anaweza kukupigia mtu akisema ni wa kitengo cha kurejesha fedha, anataja kiasi ulichopoteza bila kukosea, kisha anaomba namba ya siri au "ada ndogo ya kufungulia". Kiasi anakijua kwa sababu ni yeye au mwenzake aliyekichukua. Kata simu, na namba hiyo nayo itume 15040.