Mgeni kaumia mlimani: adai bima au kampuni iliyomuuzia safari?

Sisi waongoza watalii wa Moshi huulizwa swali hili mara nyingi. Chukua mgeni aliyenunua kifurushi kizima cha safari Uingereza, akavunjika mguu huku kwetu.

Kwa haraka, bima inashinda. Hakuna haja ya kuthibitisha kosa la mtu. Inalipa matibabu na usafiri wa kurudishwa kwao. Lakini soma mkataba: bima nyingi zina kikomo cha mwinuko, na kilele cha Uhuru, Kilimanjaro, ni mita 5,895. Maumivu na mshahara uliopotea kwa kawaida haigusi sana.

Kampuni ndiyo njia ndefu. Kanuni za Uingereza za mwaka 2018 zinamwajibisha muuzaji wa kifurushi hata kama gari au hoteli ni ya mtu mwingine huku Tanzania. Fidia yaweza kuwa kubwa zaidi, ila lazima uzembe uthibitishwe, na mara nyingi kwa viwango vya usalama vya hapa, si vya London. Muda wa kufungua kesi kwa kawaida ni miaka 3.

Hapo ndipo ushahidi unapoamua, nao unabaki kwetu. Ndugu zangu, msimwache mgeni apande ndege bila ripoti ya daktari, picha, majina ya mashahidi, na PF3 (fomu ya polisi) ikiwa ni ajali ya gari.

Aliyeteleza mwenyewe, bima yamtosha. Aliyepinduliwa na gari lenye breki mbovu, na sasa hawezi kazi, aione kampuni pia. Bima ikishalipa matibabu, hatalipwa mara mbili.